Chozi wa Likoni: shajara ya kumpiga picha akiwa hewani

Juni 9

Naanza kuandika leo manake nisipoandika ntasahau nilichofanya wiki iliyopita na ntarudia makosa yale yale. Mradi ni huu: nataka picha ya chozi, yule ndege mdogo wa kufyonza maua, akiwa hewani, miguu haijashika kitu, mabawa yote mawili yamekunjuka na kila unyoya unahesabika. Sio ule ukungu wa mabawa ambao simu zote zinatoa. Na nataka nimpige hapa hapa Mombasa, uani kwa nyanya yangu Likoni, pale pale nilipokuwa nikimwinda na manati nikiwa mtoto.

Wazo lilianza kwa hamingbadi. Hawa ni ndege wa mabara ya Amerika peke yake, kutoka Alaska mpaka kule mwisho wa Chile, aina zaidi ya 350, na Afrika hayuko hata mmoja. Wengi wetu tukimuona chozi tunasema hamingbadi huyo. Siye, chozi ni ukoo mwingine kabisa, ni vile wote wawili wameshika kazi moja ya kufyonza maua ndo wakaja kufanana, udogo, mdomo mrefu, rangi za kung'ara. Nimekaa miezi naangalia kazi za wapiga picha wa hamingbadi wa Arizona, Costa Rica na Ecuador, na karibu wote wana mtindo mmoja: wanazungusha flashi nne, tano, hata sita kando ya ua moja, nyuma wanasimamisha ubao wa rangi, halafu wanangoja. Na sio jambo la jana. Harold Edgerton wa chuo cha MIT kule Marekani, yule aliyeiendeleza flashi ya umeme miaka ya 1930, aliwapiga hamingbadi kwa taa zake, na baada yake Crawford Greenewalt, mhandisi aliyekuwa rais wa kampuni ya DuPont, akasafiri na mitambo mizito ya flashi akiwafuata wao tu.

Mimi ni mpiga picha wa harusi. Flashi ninazo nne, za kawaida za kuvaa juu ya kamera, na triga zake, vile vidude vya kuziwasha kwa mbali. Mwisho wa wiki zinafanya kazi ukumbini, siku nyingine zimelala ndani ya begi. Kwa hivo vifaa nnavyo, kilichobaki ni kuvijua.

Juni 12

Leo nimekaa ndani na feni ya meza, na nasema ukweli hii ndo siku nimejifunza kitu kikubwa kuliko miaka yangu yote ya harusi.

Shida ni hii. Kamera yangu inafunguka shata, lile pazia la ndani linaloingiza mwanga, yote kwa pamoja mwisho spidi ya 1/200 ya sekunde, ukipita hapo flashi inamulika nusu ya picha. Sasa tuseme ncha ya bawa la ndege inakwenda mita 10 kwa sekunde, kwa 1/200 itakuwa imetembea sentimita 5. Chozi mdogo kabisa wa hapa ana urefu wa sentimita 10 au 11. Yaani bawa litasafiri nusu ya ndege mzima kabla shata haijafunga! Hakuna picha hapo. Kwa hivo anayesimamisha bawa sio shata, ni flashi yenyewe, ule mwako wake. Shata kazi yake ni kufungua mlango tu, na ndani ya chumba kuna giza, na flashi inapita mara moja kama radi.

Na mwako una urefu wake. Watu wengi, na mimi nikiwemo mpaka leo asubuhi, tunadhani flashi ukiiweka nguvu zote ndo inakuwa kali na ya haraka. Ni kinyume. Hizi flashi ndogo zikitaka kupunguza mwanga hazipunguzi ukali, zinaukata mwako mapema. Nguvu kamili mwako unajivuta, nguvu ndogo mwako ni mfupi mno.

Nikachukua plasta nyeupe nikakata kipande chembamba nikakibandika kwenye ncha ya panga moja la feni, ukingo umenyooka. Stika ya nyuma inasema mizunguko kama 1,200 kwa dakika, hiyo ni 20 kwa sekunde, na kutoka katikati mpaka ncha nimepima sentimita 20, ukipiga hesabu ncha inakwenda kama mita 25 kwa sekunde. Ni kasi kushinda bawa nnalolitaka, vizuri, kipimo kiwe kigumu. Nikazima taa, nikafunga dirisha, nikapiga.

Nguvu kamili: plasta imekuwa mkia, moshi mweupe umeenda zaidi ya sentimita 3 halafu unafifia. 1/4 ya nguvu: mkia kama milimita 12. 1/16: kama milimita 3. 1/32: milimita 2, na hapa nimeanza kuona nyuzi za kitambaa cha plasta. 1/64: zaidi kidogo ya milimita 1, nikasoma mpaka vumbi lililoganda ukingoni mwa panga. Milimita 2 kwa mita 25 kwa sekunde maana yake mwako ni kama 1/12,000 ya sekunde. Kwa bawa la mita 10 kwa sekunde hiyo ni chini ya milimita 1. Nikakaa kitandani naangalia ile picha ya feni, feni imesimama tuli na ilhali upepo wake unanipiga usoni.

Rafiki yangu mmoja wa kazi akanambia mbona unajisumbua, weka ile hali ya flashi ya spidi kubwa upige kwa 1/8000. Nimejaribu hiyo pia. Katika hali ile flashi haipigi mara moja, inapigapiga mfululizo ili mwanga udumu wakati mwanya wa shata unapita, na mwanga unapungua sana, halafu panga la feni limetoka limepinda kama jani la mgomba kwa sababu juu ya picha na chini ya picha hazikupigwa wakati mmoja. Hapana. 1/200 na nguvu ndogo.

Juni 16

Feri ya saa kumi na moja unusu asubuhi, begi mgongoni, stendi mkononi. Upepo wa kusi umeshika, maji mlangoni yana mawimbi.

Nyanya ana ukuta mzima wa yale maua mekundu ya chungwa kama vijiti vya kiberiti, Hamelia patens kwa jina la kisayansi. Mmea wenyewe umetoka Amerika ya joto na kule kwao wanaoufyonza ni hamingbadi. Huku umepandwa kwenye kila bustani na chozi wameukubali kama wa babu yao. Nimependa hilo, ua la hamingbadi na ndege wa kwetu, nikasema nianzie hapo.

Chozi wa uani ni aina mbili. Yule mdogo ana kijani cha chuma na utepe wa zambarau kifuani, Cinnyris bifasciatus. Mkubwa ndo yule mweusi kama mahameli mwenye kifua chekundu, Chalcomitra senegalensis, sentimita 15 hivi, na akigeuza kichwa utosi unawaka kijani halafu unazima. Ile sio rangi ya kupakwa, ni umbo la unyoya ndani linalorudisha mwanga kwa pembe yake, mwanga ukitoka pembe isiyofaa utosi ni mweusi tu. Kwa hivo flashi moja lazima ikae karibu na lenzi, vinginevyo utampiga ndege aliyezima.

Nimepiga fremu 140 na karibu zote zina mzimu. Ndege yuko mkali na juu yake kuna ndege mwingine kivuli, bawa mara mbili. Nimejua kwa nini: jua. Kwa ISO 200 (wepesi wa kamera kushika mwanga), shata 1/200 na f/11 (tundu la lenzi limebanwa) jua la Mombasa peke yake linajaza picha mpaka inapitiliza, halafu flashi inaongeza yake. Flashi inasimamisha, jua linaburuta. Lazima jua liondoke kabisa kwenye hesabu.

Juni 23

Nimehamia chini ya mwembe. Kipimo changu sasa ni kimoja na nakifanya kabla ya kitu chochote: nazima flashi zote, napiga kwa 1/200, f/11, ISO 200. Picha ikitoka nyeusi tii, niko sawa. Ikiwa naona hata jani, nasogea kwenye kivuli zaidi.

Chini ya mwembe imetoka nyeusi. Nikaweka ua kwenye chungu, flashi mbili mbele kila moja nusu mita kutoka kwa ua, moja juu, moja nyuma. Ukaribu ndo siri, ukiisogeza flashi nusu ya umbali unapata mwanga mara nne, ndo inakuruhusu kubaki 1/32 na bado ukafunga lenzi f/11. Na f/11 naihitaji manake kwa lenzi ya milimita 200 karibu mita mbili kutoka kwa ndege, sehemu iliyo kali ni sentimita 4 tu mbele na nyuma.

Nyuma nilitundika kaniki. Ikatoka kama usiku, na chozi sio popo. Nimeitoa, nimenunua kipande cha silingibodi nikakipaka kijani na samawati, mabaka mabaka, nikakiweka mita moja na nusu nyuma na flashi yake peke yake. Ile flashi ya nyuma lazima nayo iwe nguvu ndogo vile vile, nilisahau mara ya kwanza na ukingo wa bawa ukaota moshi.

Kusi inalitikisa ua. Ndege mmoja tu amekuja, akakaa.

Julai 7

Hapa sasa ndo penye kazi.

Chozi anakaa. Hamingbadi anaelea, yule mwenye koo jekundu wa mashariki mwa Marekani anapiga mabawa kama mara 50 kwa sekunde, na bawa lake linageuka begani kiasi kwamba hata likirudi nyuma linabeba uzito, robo ya uzito hivi inabebwa wakati bawa linarudi. Chozi anaweza kuelea pia lakini sekunde moja mbili, inamchosha, na kama pana kikonyo cha kushika kwa nini ajichoshe. Anadandia, anainama, anazamisha ule mdomo uliopinda, anamaliza. Ua la hibiskasi hata hahangaiki na mlango, anatoboa kitakoni anafyonza kwa nyuma. Nina fremu zaidi ya 600 za chozi aliyekaa. Nzuri, kali, na sizo.

Nilichokuwa nikikumbuka ni utafiti wa Afrika Kusini uliotoka mwaka 2009. Kule kuna mtumbaku mwitu, Nicotiana glauca, uliokuja kutoka Amerika Kusini, maua yake yananing'inia mahali ambapo ndege hana pa kukanyaga, kule kwao hamingbadi ndo hufyonza. Na chozi wa Afrika Kusini wakajifunza kuelea kwenye ule mti, wakawa wanafanya kazi ya hamingbadi. Kumbe anaweza akilazimika!

Nikachukua makasi nikaanza kukata vikonyo na majani ya kando kwenye tawi moja la Hamelia nibakishe maua peke yake kwenye ncha, na nyanya akatoka jikoni.

"Mume wangu, wanimalizia ua langu, lakufanyani?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama ntakunywa chai, akarudi ndani. Tawi lile nimekata kwa ruhusa yake, moja tu.

Chozi akaja, akazunguka, akadandia tawi la jirani, akanyoosha shingo. Anafika bila kuruka. Nikakata hilo pia. Hakurudi kutwa.

Julai 28

Harusi tatu mfululizo. Hakuna kilichofanyika, ila triga moja imeanza kugoma kwenye unyevu na nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki. Betri 16 za kuchaji zinakula usiku mzima na stima ikipotea ndo basi.

Agosti 11

Kuna fundi wa simu kule Mwembe Tayari, kijana mdogo, mikono yake ni dhahabu. Nilimweleza nataka kitu ndege akikikata kamera ipige yenyewe, manake mimi mpaka nione na kidole kibonyeze imepita moja ya tano ya sekunde na chozi keshakwenda. Akanitengenezea vichwa viwili, kimoja kinatoa mwanga usioonekana na cha pili kinaupokea, ukikatwa kinabonyeza kamera. Siku mbili tu, na bei ya kiungwana.

Kinafanya kazi sawasawa, na hapo ndo ilipo taabu, manake kimepiga nyuki, kimepiga jani la mwembe, kimepiga vumbi la nazi, kimempiga paka. Kusi ikivuma tawi lenyewe linakata mwanga. Kwa hamingbadi anayekuja kwenye chupa ya sukari mahali pamoja kila dakika kingefaa sana. Kwa chozi anayekuja mara nne kwa siku kutoka upande anaoutaka, kinamaliza betri. Nimekihifadhi vizuri, kina siku yake.

Agosti 18

Sukari. Kule kwa hamingbadi kipimo ni sukari moja kwa maji manne, sukari nyeupe ya kawaida, bila rangi, bila asali manake asali huchacha. Nimetia matone kwa sirinji ndani ya ua, kama wanavyofanya wao, ili ua moja liwe tamu kuliko mengine na ndege alichague. Joto la hapa, saa sita tu linanuka, na sisimizi wamepanga foleni kutoka ukutani. Chozi amekuja, ameonja, amekaa kwenye waya wa stendi yangu akafyonza akiwa amekaa.

Nimeacha sukari. Sio kwamba ni vibaya ukibadilisha kila siku na ukaosha, lakini naona nilikuwa nikimvuta aje kwenye picha iliyomo kichwani mwangu, picha ya hamingbadi. Nitamtazama kwanza anafanya nini mwenyewe.

Septemba 8

Wiki mbili nimekuja Likoni bila kamera. Nakaa barazani na kijidaftari. Saa kumi na mbili unusu mpaka saa mbili asubuhi, halafu saa kumi jioni mpaka jua likikaribia kutua.

Dume yuko vile vile, anakaa juu ya waya anaimba, anamfukuza mwenzake, anafyonza, anakaa. Mimi macho yangu yote kwake, kwa lile jekundu. Jike sikumuandika hata mstari, jike ni kahawia na mabakabaka kifuani, hana cha kung'ara, na kwenye zile fremu 600 nilikuwa nikimfuta.

Juzi nyanya amekaa na mimi, anachambua mbaazi za kulia mahamri ya kesho yake. Nikamwambia, nyanya, mdege wako hataki kuelea. Hakuinua hata kichwa.

"We wamngoja mauani, na yeye yuaja kwa buibui."

Wapi?

Akanyanyua kidole juu, pembe ya baraza, pale makuti yanapokutana na boriti. Pale pana utando mkubwa, na mwingine, na mwingine, nyanya hafagii pembe ile tangu babu yupo, anasema buibui wanamlia mbu. Nikangoja. Hazikupita dakika ishirini, jike akaingia chini ya makuti. Akasimama hewani. Walahi akasimama, mbele ya utando, kiasi cha sekunde mbili tatu, kichwa hakitikisiki, mkia umefunguka kama kipepeo, mabawa hayaonekani, akamdonoa buibui katikati, akarudi nyuma kidogo, akaenda.

Bila shaka atasimama hewani! Utando hauna pa kudandia, akigusa nyuzi atanasa. Miezi miwili nilikuwa nikikata vikonyo vya watu kutafuta mahali ndege hana pa kukanyaga, na mahali penyewe pako juu ya kichwa changu. Nyanya akaendelea na mbaazi zake.

Nimemuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu ilipokuwa nyumba ya udongo.

Septemba 15

Na baraza ni giza! Hicho ndo kilichonifanya nisilale. Kipimo changu cha flashi zimezimwa, 1/200, f/11, ISO 200: nyeusi tii, hata saa tano mchana. Upepo wa kusi ukuta unauzuia. Kila shida niliyopigana nayo uani hapa haipo.

Nimepanga hivi. Kamera kwenye tripodi juu ya meza ya kulia chakula, lenzi ya 200, mita 1.8 kutoka kwenye utando. Fokasi nimeifunga kwa mkono kwa kutumia kijiti chembamba nilichokisogeza mpaka karibu na buibui, sikugusa uzi hata mmoja. Flashi ya kwanza juu kidogo ya lenzi, ya pili kushoto, zote 1/32 na zimevaa karatasi ya kuokea kulainisha mwanga. Ya tatu nyuma kulia, 1/64, ya kuchora ukingo wa bawa na kuwasha nyuzi za utando. Ya nne kwenye silingibodi, 1/32. Mimi niko ndani ya chumba, nyuma ya pazia la mlango, na rimoti mkononi.

Jambo moja nimejiwekea: akishtuka na flashi asirudi, nakunja vitu siku hiyo hiyo. Leo nimepiga flashi tatu tu kwa siku nzima, alikuja mara tano. Mara ya kwanza alisita mlangoni mwa makuti. Mara ya tatu hakujali.

Septemba 22

Fremu 31. Mkia peke yake, fremu 6. Mdomo peke yake, 4. Hewa tupu na utando mzuri sana, 17. Ndege mzima yuko nje ya zile sentimita 4, fremu 4. Kidole changu kinachelewa, lazima nibonyeze kabla hajasimama. Nimeanza kusikia. Akiwa anakuja anatoa mlio mmoja mfupi kwenye mkomamanga, tsik, halafu kama pumzi mbili yuko utandoni. Sasa sitazami tena, nasikiliza.

Septemba 29

Nimeipata.

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Tsik kwenye mkomamanga, moja, mbili, nikabonyeza.

Ntaiandika ilivyo manake nataka niikumbuke hata faili likipotea. Jike yuko upande wa kulia wa fremu, amesimama karibu wima, tumbo limeelekea utandoni. Mabawa yako mbele, kama mtu anayetaka kukumbatia, na ncha zake karibu zikutane. Bawa la kushoto linaonekana lote, manyoya makubwa ya ncha yamejipinda kwenda juu kwa uzito wa hewa, na kati ya unyoya na unyoya kuna mwanya unaona kijani cha ubao. Unyoya wa tatu umemeguka kidogo ncha yake. Miguu ameikunja, vidole vimefungwa kama ngumi ya mtoto. Mdomo umefunguka, nafasi ya punje ya mchele hivi, na buibui yuko baina ya ncha mbili, mguu mmoja wa buibui bado umeshika uzi, na ule uzi umevutika mpaka umenyooka na flashi ya nyuma imeuwasha wote kutoka mdomoni mpaka kwenye boriti. Juu ya jicho kuna tone la vumbi la maua, manjano. Ametoka kwenye ua akaja kwa buibui.

Na lile kahawia nililokuwa nikilifuta sio kahawia moja. Mgongoni kuna rangi ya kahawa tungu, kifuani mabaka ya maziwa, ukingo wa bawa umekaribia fedha.

Nimempelekea nyanya kwenye skrini ya kamera. Akavaa miwani. Akatazama muda mrefu, akauliza, "Na huyu buibui, keshakufa hapa?" Nikamwambia bado, hapa bado yuko hai. Akasema maskini. Akairudisha.

Nimeichapisha kwa karatasi kubwa, iko ukutani kwake chini ya kalenda.

Oktoba 6

Nilitaka sasa dume, manake sehemu ya pili ya mradi ni dume hewani na kifua kimewaka, kile chekundu ukikikaribia kina vidoadoa vya samawati na naamini flashi ikikaa karibu na lenzi vitatoka. Nimeiweka flashi ya kwanza sentimita 10 tu juu ya lenzi. Dume hakuja barazani hata mara moja. Jike amekuja mara kumi na moja, na leo amefanya kitu tofauti, hamdonoi buibui, anavuta nyuzi. Anashika uzi anarudi nyuma hewani, anauzungusha mdomoni, anaondoka nao. Nimepiga fremu 9 na mbili ni nzuri, uzi umemzunguka mdomo kama pamba.

Oktoba 13

Nimejua nyuzi zinakwenda wapi. Kiota. Ananing'iniza kwenye waya wa zamani wa taa ya barazani, hatua tatu kutoka kwenye flashi yangu ya kushoto. Ni kama kifuko kirefu, nyasi na majani makavu na vipande vya magome, vyote ameshona kwa utando wa buibui, na mlango uko ubavuni. Anajenga peke yake, dume anaimba tu.

Nimekunja kila kitu leo leo. Flashi nne, stendi, silingibodi, meza imerudi ndani. Mayai yakiwekwa ni takriban wiki mbili za kuatamia na makinda wiki mbili na ushei ndani ya kiota, na wakati wote huo atakuwa akipita hapa mara kwa mara na buibui mdomoni, picha ambayo naitaka kuliko zote, na sitaipiga. Flashi kwenye kiota hapana, hata moja, hata nguvu ndogo namna gani.

Nimechora duara kwa chaki sakafuni pale ilipokuwa tripodi ili nikirudi nipange vile vile. Nyanya ameukata umeme wa waya ule na ameweka kiti chake upande wa pili wa baraza. Mbaazi anachambulia huko sasa. Amenambia nisije kabla hajanipigia simu.